Pacha Haliliwi

Siku Bertila alipousikia wimbo wake barabarani kwa mara ya kwanza, ulikuwa unapita na msafara wa harusi kutoka upande wa Isevya. Alikuwa amesimama nje ya duka la asali anakofanya kazi, mikono inanata, ameshika ndoo tupu ya kwenda kuoshwa. Mbele ya msafara ilitangulia pikapu yenye spika kubwa, na juu ya pikapu wanawake wenye vitenge vya sare walikuwa wakicheza kwa mabega huku wakipeperusha leso. Ngoma ile aliijua. Vicheko vya wanawake vilivyosikika ndani yake vilikuwa vya wanakwaya wenzake. Na chini kabisa, kama mtu anayesema akiwa ameingiza kichwa mtungini, ilikuwapo fidla yake.

"Mama Kulwa!" Suzana, mwenye genge la nyanya la jirani, alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Si wewe huyo kwenye spika?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona umenuna? Mwenzio ningekuwa nimeshapanda pikapu, nimemsukuma bibi harusi pembeni!"

Bertila alicheka, kwa sababu Suzana alikuwa anamtazama. Msafara ulipokwisha kupita aliingia ndani, akaweka ndoo chini, akaketi juu ya debe la asali ambalo halijachujwa. Wimbo ule aliutunga kumlilia mwanawe aliyekufa.

Watu wengi wa Tabora wanaomfahamu Bertila wanamfahamu kwa kisogo. Kanisani hukaa pembeni mwa wanakwaya akiwa amegeukia kinanda, na waumini huona kitambaa chake cha kichwani na kiwiko kinachopanda na kushuka. Fidla alifundishwa akiwa msichana wa sekondari, na sista mmoja mzee aliyekuwa akiwakusanya Jumamosi wasichana wasiokuwa na nauli ya kwenda kwao. Sista alikuwa mpole lakini hakubembeleza mtu. Aliwaambia kwamba fidla ya kanisani haiji kuonekana, inakuja kubeba sauti za wengine, na mpigaji mzuri ni yule ambaye watu hawakumbuki kama alikuwapo.

Alipomaliza shule alikwenda Gongoni kwa Mzee Abbasi, aliyekuwa na kikundi cha taarabu ambacho wakati huo kilikuwa kimebaki na watu wachache na kapeti moja. Mzee Abbasi alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Binti, wewe unapiga kama mtu anayechora mstari kwa rula. Nani kakutisha? Hizo nyuzi zimepakwa mafuta. Teleza!"

Akateleza. Kwa Mzee Abbasi alijifunza kuivuta sauti kutoka mahali ilipo mpaka mahali inapotaka kwenda, bila kuikata njiani. Baadaye akapigia bendi ya dansi ukumbini, nyuma ya magitaa. Akapiga kwenye harusi za Wakristo na maulidi ya majirani, kwenye mahafali, na kwenye misiba ya watu wenye uwezo. Kila mahali neno lilikuwa moja: "Mama Kulwa, tusindikize." Ameusindikiza mji mzima. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe alikuwa anakwenda wapi.

Aliolewa na Revocatus, mfanyakazi wa reli, mtu wa maneno machache ambaye kwao ni Ipole. Mimba yake ya kwanza ikawa ya mapacha. Bertila ni mtoto wa katekista wa mjini, na hakujua mambo ya mapacha mpaka alipopelekwa Ipole na vichanga wake. Mama mkwe wake, Bibi Kabula, alifika mlangoni na kundi la wanawake waliojipaka unga usoni, wakimtukana. Walimtukana miguu yake, wakamtukana Revocatus pua yake, wakaimba mambo ya chumbani kwa sauti ambayo ng'ambo ya bonde wangeweza kuisikia, huku wakiwanyunyizia wazazi maji ya dawa kwa matawi. Bertila alitaka ardhi ipasuke. Revocatus alimnong'oneza, "Cheka. Haya ni heshima. Wasingetutukana ndiyo ungelia." Basi akacheka. Watoto wakaitwa Kulwa na Doto, kama inavyopasa. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto.

Doto alikufa wakiwa na miaka saba, wakati wa mvua, kwa homa iliyomshika akiwa Ipole kwa bibi yake. Bertila alifika kutoka mjini akiwa nyuma ya pikipiki, amelowa mpaka kwenye mifupa, na jambo la kwanza aliloambiwa lilikuwa afunge kinywa.

"Mayu, mama yangu, usilie," Bibi Kabula alimwambia akiwa amemshika mabega. "Hapa kwetu pacha hatusemi kafa. Pacha amerudi. Na haliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, aliyebaki anageuza shingo kumtazama. Akishageuza shingo, basi tena."

Kulwa alikuwa ndani, kwenye kitanda kilekile walicholala wote wawili, na homa ilikuwa imemwanza naye. Bertila angefanya nini? Wanawake walikuja na ngoma ileile, na wimbo uleule wa siku ya kuzaliwa, na matusi yaleyale. Walimfunga kanga kiunoni wakamsukuma katikati. Katekista wa kigango alikuwa amesimama na kitabu chake cha maziko, akageukia upande wa mahindi mpaka walipomaliza. Doto alizikwa watu wakicheka. Bertila naye alicheka, mdomo wazi, mvua ikiingia humo.

Kulwa akapona. Bertila hakulia siku ile, wala wiki ile, kwa sababu mtoto bado alikuwa dhaifu. Mwaka ule hakulia kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa. Baadaye machozi yenyewe yakazoea kutotoka. Lakini kuna sauti ilibaki ndani, na kila alipoiweka fidla begani aliisikia inakuja, naye akaigeuza kuwa Bwana Utuhurumie, au kiitikio cha taarabu, au chochote kile ambacho watu walikuwa wamemwita asindikize. Akaishi hivyo mpaka Kulwa akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Nzega.

Kwaya ndiyo iliyomwamsha, bila kukusudia. Walichangishana wakanunua kinanda kipya. Siku kilipofunguliwa kwenye boksi, mwalimu wa kwaya alibonyeza hapa na pale, kikatoa sauti ya fidla, si moja tu, bali kundi zima la fidla zilizonyooka kama askari wa gwaride. Wote wakapiga makofi.

"Mama Kulwa, sasa utapumzika," mwalimu alisema kwa furaha ya kweli. "Wewe umo humu ndani."

Bertila alisema ahsante. Njiani kurudi nyumbani alijikuta amesimama mbele ya ukuta wa mtu, bila kujua amesimama hapo tangu lini. Aliona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda: ataifunga fidla kwenye sanduku, atachuja asali, atazeeka, atakufa, na katika maisha yake yote atakuwa hajawahi kutamka neno moja lililo lake. Na neno lenyewe alikuwa nalo, wala halikuwa zaidi ya moja.

Ndiyo sababu alikwenda kwa Anton.

Anton alikuwa na studio nyuma ya duka la vifaa vya simu, karibu na stendi, ukutani amebandika magodoro yaliyokatwa vipande. Alikuwa amezoea kurekodi vijana wanaokuja na mashairi kwenye simu na kuondoka kabla ya saa ya chakula. Mama wa makamo mwenye fidla, anayetaka albamu nzima, ilikuwa mara yake ya kwanza. Lakini alikuwa na adabu na alikuwa na masikio. Walifanya kazi jioni baada ya Bertila kutoka dukani. Kila mara alianza kwa kuosha mikono kwa maji ya moto ili asali isiguse upinde. Pembe ya garimoshi ilipolia stesheni walisimama, wakasubiri ipite, wakaanza upya.

Aliiita *Sauti ya Kwanza*, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa amepiga ya pili. Wimbo wa kufungulia ulianza kama Ijumaa Kuu, kwaya tupu. Katikati ukateleza kwa Mzee Abbasi, na mwishoni ukatokea upande mwingine ukiwa na biti ya bongo fleva, fidla ikipanda juu yake kama mama anayepita katikati ya vijana bila kuomba njia. Kulikuwa na wimbo wa wapagazi aliourithi kwa baba yake, naye kwa babu yake, ambao wapagazi hao walikuwa wakiuimba wakishuka na mizigo kwenda pwani. Huo aliutia gitaa la dansi na kuuacha uende mwendo wa mtu aliyechoka. Anton alimuuliza swali moja ambalo hakuweza kulijibu.

"Mama, nikiipakia mtandaoni wataniuliza ni muziki wa aina gani. Injili? Taarabu? Niandike nini?"

"Andika ni wa Bertila."

"Hakuna mahali pa kubonyeza Bertila, mama."

"Basi bonyeza popote."

Wimbo wa "Doto" aliuacha mpaka mwisho. Alikuwa ameufikiria kwa muda mrefu kuliko mingine yote. Aliwaita wanakwaya wanne wenye asili ya Sikonge, upande wa Ipole, akawaambia waimbe wimbo wa mapacha kama unavyoimbwa, na vicheko vyake, na matusi yale yanayoweza kupita redioni. Waliingia kwa aibu na kutoka wakifuta machozi ya kucheka. Juu ya ngoma yao yeye akapiga fidla peke yake, na kwa mara ya kwanza hakuigeuza ile sauti kuwa kitu kingine. Aliiacha ije. Aliona kwamba msikilizaji atacheka kwanza, kisha ataisikia fidla chini ya kicheko, ataelewa ni nini kilitendeka pale kaburini, na atalia kwa niaba yake.

"Hapa umetoka nje ya biti, mama," Anton alisema.

"Niache nitoke."

"Na hapa imekwaruza."

"Iache ikwaruze."

Siku ya kusikiliza kazi iliyokamilika, Anton alimvisha vile vya masikioni. Fidla ilikuwa kama imesimama begani kwake, hata pumzi zake mwenyewe alizisikia. Bertila akakubali. Hakujua, kwani angejulia wapi, kwamba kinachosikika masikioni namna ile humezwa na ngoma pindi kikitolewa kwenye spika ya barabarani. Anton alijua, naye alikuwa ameiteremsha fidla kidogo zaidi. Alifanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu, kama alivyomwambia baadaye, ilikuwa inaharibu raha.

Albamu ikatoka. Redio moja ya mjini ikapiga wimbo wa kufungulia mara moja, na mtangazaji akamtaja kama "yule mama anayesindikiza kwaya." Paroko alimpongeza baada ya misa kwa kutumia kipaji, kisha akauliza kama kulikuwa na ulazima wa zile ngoma. Wimbo wa wapagazi ulisikilizwa na watu wachache sana, na Bertila alishuku kwamba wengi wao walikuwa Anton. "Doto" tu ndiyo iliyopata miguu. Mtu mmoja wa kamati ya harusi aliitupa kwenye kundi la simu, kamati nyingine ikaiokota, na kabla ya mavuno ya asali hapakuwa na keki iliyoingia ukumbini Tabora bila wimbo ule. Wale wanaojua mila waliufurahia kwa sababu ulikuwa wa mapacha, na mapacha ni baraka. Wasiojua waliufurahia kwa sababu unachezeka. Walimwita Bertila mitaani kwa jina la mtoto wake: "Mama Doto! Tupe raha!" Mtaani hakuwahi kuitwa Mama Doto hata siku moja Doto alipokuwa hai.

Akajaribu kumweleza mumewe, jioni, Revocatus akiwa anaondoa matope kwenye viatu vyake vya kazi.

"Wanakata keki juu ya mtoto wetu."

Revocatus aliendelea na kiatu. "Watu hawajui."

"Nilitaka wajue."

"Ungesema basi kwa maneno. Wewe umesema kwa waya."

Hakuwa anamkejeli. Ndivyo anavyosema, na kisha hunyamaza, na ukimya wake hauna mlango.

Kulwa ndiye aliyeleta habari ya mwisho. Alikuwa amechumbiwa na Masolwa, mfanyabiashara wa pamba wa Nzega, na sherehe ya kumuaga ingefanyika Tabora kwao. Alipiga simu akiwa anacheka na kuhema, kama mtu anayetembea.

"Mama, kamati imeamua. Keki inaingia na wimbo wako. Ila mimi nimewaambia spika hatutaki, mama yangu yuko hai, atapiga mwenyewe. Utapiga?"

"Unautaka wimbo ule, mwanangu?"

"Si wimbo wetu?" Kulwa alisema. "Wa Kulwa na Doto. Nani anautaka zaidi yangu?"

Bertila alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika. Wazo lilimjia taratibu, na lilipomaliza kuja hakuweza tena kuliondoa. Angeupiga bila ngoma wala wanawake wa kucheka, fidla peke yake, mbele ya ukoo wote na mbele ya mji. Hapo hakuna spika wala Anton wa kuificha. Wakisikia mara moja tu, mara moja tu katika maisha yake, itatosha. Hakutaka kingine.

Bibi Kabula alifika siku moja kabla ya sherehe, akiwa na mtungi wa asali ya Ipole na kuku wawili waliofungwa miguu. Amezeeka, macho yana ukungu, lakini ulimi uko palepale. Bertila alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu. Umekonda. Mwanangu hakulishi, au muziki unakula chakula chako?"

"Vyote viwili, mama."

Bibi alicheka, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Baada ya chai alisema, "Wimbo wako nimeusikia. Wajukuu wameniwekea kwenye simu. Umetuheshimu. Umemrudisha mtoto kwa furaha, kama inavyotakiwa."

"Hukusikia kitu kingine, mama?"

Bibi Kabula alimgeuzia macho yake yenye ukungu. "Nilisikia. Mimi si kiziwi. Ndiyo maana nikasema, huyo aliyeifunika kwa ngoma kalelewa vyema na mama yake."

Miaka yote Bertila alitamani sikio moja, na sikio lenyewe lilikuwa hili.

"Ni mwanangu, mama. Nilimzaa mimi."

"Na mimi nilimzika. Unadhani sikuwa na machozi?" Bibi alisema taratibu, bila hasira. "Niliyameza. Yako hapa." Akagonga kifua chake kwa kidole. "Yanauma, ndiyo. Acha yakuume wewe. Yakitoka, yatamuuma Kulwa."

Sherehe ilianza mchana, katika ukumbi wa parokia uliopambwa kwa vitambaa vya rangi ya zambarau. Kulwa alikaa mbele na msimamizi wake, amevaa gauni la kijani, mrefu, shingo yake ndefu kama ya baba yake. Watu wa Nzega walikuwa upande wa kushoto wakiwa na vifijo vyao. Ulipofika wakati wa keki, mshereheshaji, Vedasto, bwana mnene aliyekuwa akijifuta jasho kwa tai yake, alimwita Bertila katikati.

"Mnamjua, hamumjui? Huyu ndiye Doto mwenyewe! Mama, tupe kitu, tucheze mpaka Nzega waone aibu!"

Bertila aliweka fidla begani. Akafumba macho, akaanza.

Mwanzoni palikuwa na ukimya, na kwa muda mfupi aliamini. Sauti ilitoka nzima, ikapanda mpaka kwenye mabati, ikateleza ikashuka, na hakuizuia. Kisha Vedasto akaruka kwenye kipaza sauti.

"Fundi wa umeme! Ngoma imekatika huku! Mama anateseka peke yake, jamani, msaidieni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na watu wa Tabora ni watu wema. Waliambiwa wamsaidie, wakamsaidia. Meza za nyuma zilianza kupiga makofi kwa mwendo wa ngoma. Mtu akageuza ndoo akaifanya ngoma. Wanawake wa Sikonge wakauingia wimbo wa mapacha kwa midomo yao wenyewe, wakimtukana Masolwa masikio yake na mamaye Masolwa kiuno chake, na upande wa Nzega ukajibu kwa tusi zuri zaidi. Vigelegele vikazuka. Bertila aliongeza nguvu. Aliuvuta upinde mpaka nywele za upinde zikaanza kukatika, akalia kwa fidla jinsi mtu anavyolia akiwa peke yake porini, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheza. Walimzunguka, wakamtunza, wakambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho.

Alipofumbua macho alimwona Kulwa. Katika ukumbi wote ni yeye tu hakuwa anacheza. Alikuwa amesimama mezani pake, shingo imegeuka, akitazama mahali pembeni yake ambapo hapakuwa na mtu.

Kisha Kulwa akaja. Alikuja kwa mwendo wa kucheza, akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha, mikono juu, kama binti anayekwenda kumtunza mama yake. Akamkumbatia kwa upande, akaweka mdomo sikioni kwake.

"Mama, acha. Ninakuomba. Mimi bado nipo."

Upinde ulisimama. Wala haukuchukua muda, watu waliona kama amevuta pumzi. Bertila alimtazama mwanawe usoni kwa karibu, tabasamu lile la picha na macho yale yaliyojaa hofu juu yake, kisha akaiweka fidla tena, akaipiga "Doto" ya barabarani, ya haraka, ya raha. Keki ikaingia. Vedasto akalala chali sakafuni kwa furaha.

Asubuhi yake, kabla ya watu wa Nzega kuja kumchukua, Kulwa alimkuta mama yake uani akisugua masufuria kwa majivu. Alichuchumaa, akachukua kipande cha gunia, akasugua naye.

"Umenikasirikia?" Kulwa aliuliza.

"Hapana."

"Niliogopa."

"Najua. Bibi yako aliniambia."

"Si mambo ya bibi." Kulwa aliendelea kusugua mahali pamoja palipokwisha kung'aa. "Unakumbuka siku ile walinitoa kitandani na homa yangu wakanivisha njuga? Nikacheza."

"Sikukuona. Nilikuwa katikati."

"Nilicheza sana, mama. Nilidhani nikicheza vizuri atarudi. Walisema anarudi. Nikawa ninatazama njia." Akajifuta pua kwa mkono, majivu yakabaki shavuni. "Wewe tangu siku ile ukiniangalia, unaangalia kidogo na pembeni yangu. Sikulaumu. Ila jana nilipokusikia nikajua bado unamwita. Nikafikiri, na mimi nikiondoka leo kwenda kwa watu, hapa kwa mama hatakuwa ameondoka mtu."

Bertila alinyoosha mkono amfute shavu, lakini mkono wenyewe ulikuwa mweusi kwa masizi, akaurudisha. Alitaka kusema jambo. Nje ya uzio magari ya Nzega yalikuwa yamefika yakipiga honi, na shangazi mmoja alikuwa anaita kwa sauti, "Bibi harusi! Bibi harusi anaosha masufuria, jamani, mkosi gani huu!" Kulwa akainuka, akacheka kumjibu shangazi, akaenda kuoga. Adhuhuri akaondoka.

Nyumba ilibaki na viti vya kukodi na vitambaa vya zambarau vilivyokunjwa vibaya. Bertila alinawa mikono kwa maji ya moto, kisha akaketi chumbani kwa Kulwa, juu ya godoro lisilo na shuka. Aliipitia albamu yake yote kichwani, wimbo baada ya wimbo: kanisa lilikuwamo, Mzee Abbasi alikuwamo, baba yake na wapagazi wake walikuwamo, na Doto alikuwa kila mahali. Alikuwa ameweka maisha yake yote mle ndani bila kumweka Kulwa.

Akatoa fidla. Akabadilisha mkao, akaanza na sauti ya chini ambayo hakuizoea, sauti ya mtoto mrefu, mwenye maneno mengi kwenye simu, anayecheka akihema. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha vidole vikapapasa, vikapata njia yao ya zamani, na wimbo ukageuka. Akaacha. Akaanza kwingine, juu zaidi, kwa mwendo wa haraka, na huo nao ukageuka. Akajaribu kunyoosha kama alivyofundishwa na sista, sauti moja moja, bila kuteleza, na hata hivyo sauti ya tatu ilipofika ilikuwa inamwita yuleyule.

Revocatus alikuwa barazani akihesabu viti vya watu. Alisimama dirishani.

"Unapiga nini?"

"Wa Kulwa," Bertila alisema. "Najaribu kumtungia Kulwa."

Akaupiga tena tangu mwanzo ili asikie. Revocatus alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, mkono kwenye nondo za dirisha.

"Huo si uleule?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Bertila. "Ni uleule."